Mkaguzi Aliyesahau Kupima Mlango

Saa sita mchana mbele ya duka kubwa la dawa hapapitiki. Wenye vyeti wanaingia, wenye mifuko wanatoka, na wapeleka dawa majumbani wanapenya katikati yao na baiskeli zao. Mkaguzi wa bima alikuwa amerudi nyuma hatua mbili ili asome bango la duka, kosa ambalo mtu mwingine angelifanya angemwandikia karipio. Baiskeli ya umeme haina mlio. Alichosikia ni breki, kisha kisigino cha kiatu chake cha kulia kikakatika kikabaki barabarani.

"Dada, nisamehe! Umeumia?"

"Mimi mzima. Kiulize kiatu."

Mwanaume aliyeshuka kwenye baiskeli alivaa shati la kijani lililokunjwa mpaka kwenye viwiko. Mikono yake ilikuwa na madoa ya grisi ambayo sabuni ilishayakatia tamaa. Aliokota kisigino, akakipuliza vumbi, akatoa mfukoni gundi ya kuzibia pancha.

"Utanigundisha kwa gundi ya tairi?"

"Inabeba mtu na mzigo wake, itashindwa na wewe? Ila lazima ikauke. Dakika tano. Nishike bega."

Akamshika bega, akasimama kwa mguu mmoja kama kuku kwenye mvua, na sketi yake ya bluu iliyonyooshwa pasi ikapigwa vikumbo na umati. Dakika tano ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Bega lile lilikuwa na joto.

"Baiskeli hii ina bima?" akauliza, maana kazi ni kazi.

"Ndiyo naihangaikia. Ninazo thelathini na sita. Maduka yote ya dawa ya mji huu yatanipa kazi mwezi ujao, sharti ziwe na bima. Nikikosa, wapanda baiskeli wangu warudi nyumbani. Nimepeleka maombi, lakini nasikia kuna mkaguzi mwanamke pale, hapitishi kitu. Eti hata jua likichomoza, analikagua."

"Mkali hivyo?"

"Usiombe mkutane."

Mkaguzi akakanyaga. Kisigino kikashika. "Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuja kuziona hizo thelathini na sita," akasema. "Na jua nalo nitalitazama."

Alimwacha pale mdomo wazi, gundi ikimkaukia vidoleni.

Jumatatu alikuta karakana imefagiliwa kama kuna harusi. Mwenye karakana alikuwa fundi baiskeli miaka mingi kabla hajanunua ya kwanza ya umeme, na wapanda baiskeli wake bado walimwita Fundi. Mkaguzi alichuchumaa mbele ya kila baiskeli, akasoma namba ya fremu kwa sauti, naye fundi akatia alama kwenye orodha. Zilipofika ishirini, wapanda baiskeli walikuwa wameshambatiza jina: Dada Bima.

Waliingia chumba cha kuchajia betri. Rafu zilikuwa za chuma, dirisha wazi, kizima moto mahali pake.

"Chumba kimekaa vizuri," mkaguzi akasema. "Usiwe na wasiwasi."

"Ngoja. Kuna moja hujaiona." Fundi akafukua ndoo ya mchanga pembeni, akatoa betri iliyovimba ubavu. "Niliitoa Ijumaa. Nasubiri wanaozichukua mbovu."

"Kwa nini unanionyesha? Nisingeijua."

"Si ningeijua mimi?"

Kwa miaka kumi na moja watu walikuwa wakimficha vitu, nyuma ya milango na chini ya magunia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumfukulia ubovu uliompita. Alimtazama fundi, na fundi akacheka kwa haya, kicheko kifupi cha mtu asiyejua aweke wapi mikono yake. Mkaguzi naye akacheka, futi ya kupimia ikining'inia mkononi.

Jioni simu yake ikaita.

"Bi Mkaguzi, kiatu kinaendeleaje?"

"Kinapumua. Hii simu ya kikazi?"

"Ya kiatu. Kikipata homa, niite."

"Na nikipata mimi?"

"Wewe ndiyo nije mbio. Betri nimeshachaji."

Waliongea mpaka maji ya chai yakakauka jikoni. Dada mkubwa wa mkaguzi, aliyekuwa akiishi naye, akaja kuzima jiko. "Hicho kiatu kina maneno!" akasema.

Jumanne asubuhi mkaguzi alikaa kuandika ripoti. Aliandika bila kusita mpaka akafika mahali pa umbali kati ya chaja na mlango. Akafungua daftari. Hamna. Akapekua nyuma na mbele, hamna. Hakuwa ameupima mlango, na dakika aliyosahau aliijua vizuri: ni ile fundi alipocheka. Angeweza kukisia namba, na hakuna mtu ambaye angeuliza. Alikaa na kalamu mkononi, akaogopa, kwa sababu hakujua tena kama kile chumba kilikuwa kizuri kweli au ni moyo wake uliokiona kizuri.

Akatoa kwenye droo fomu ya kujiondoa kwenye ukaguzi, ile ambayo wakaguzi husomewa siku ya kuajiriwa kisha wakaisahau. Mahali pa sababu akaandika: *Nimempenda mwenye mali ninayoikagua. Macho yangu hayafai tena kwa kazi hii.* Akaipeleka kwa mkaguzi mwenzake, ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee Rula kwa sababu hata biskuti angeipima kabla ya kuila.

Mzee Rula alisoma, akavua miwani. "Kanuni unaijua, mwanangu? Mpaka bima itoke, hakuna simu, hakuna salamu, wala hakuna kumweleza sababu."

"Naijua."

"Na yeye anajua ulichoandika hapa?"

"Hajaniambia neno, na mimi sijamwambia."

Alhamisi Mzee Rula alikwenda karakana, akaupima mlango mara tatu. Ulikuwa wa mbao na ulikaa karibu mno na chaja. Moto ukishika, aliye ndani hana pa kutokea. Akaandika kwamba mlango wa chuma uwekwe na chaja zihamishwe ukuta wa pili. Bila hivyo, bima hakuna. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya kazi ya maduka kuanza.

Siku hiyo simu iliita mara sita. Mkaguzi aliilaza kifudifudi mezani.

"Pokea basi!" dada yake akasema. "Inaita mpaka inaona haya."

"Siwezi, dada. Nikipokea nitamwambia, na nikimwambia bima yake inakuwa na ufa."

Mara ya saba ukaingia ujumbe wa sauti. "Bi Mkaguzi, ulisema chumba kimekaa vizuri. Leo kaja mzee ananiambia mlango wangu utaua watu, mbele ya vijana wangu wote. Kama ulikiona kibaya, si ungeniambia usoni? Au ulikuwa unanichekea tu?" Kisha sauti ikashuka. "Sawa. Sitakusumbua tena."

Na kweli hakumsumbua. Ndicho kilichomtesa. Asubuhi alifungua simu kabla ya kufungua dirisha, akakuta salamu za watu wote isipokuwa za mmoja. Mchana alipita mbele ya duka la dawa, naye hana hata mafua. Kila shati la kijani lilimshtua. Mara nyingine aligeuka ghafla barabarani akidhani baiskeli inakuja nyuma yake, akakuta hakuna; kabla ya hapo hakujua kwamba mtu anaweza kukitegea sikio kitu kisicho na mlio. Ujumbe ule wa sauti aliusikiliza mara nyingi akianika nguo, si kwa ajili ya maneno, maana maneno yalimchoma, bali kwa ajili ya ile pumzi kabla ya neno la kwanza. Alimtamani, basi. Alimtamani wazi wazi kama mwenye kiu anavyotamani maji, na mtungi ulikuwa mtaa wa tatu tu.

"Umekonda," dada yake akasema wiki ya pili.

"Nguo ndizo zimepanuka."

"Haya, mwanasheria."

Wiki ya tatu, Ijumaa asubuhi, Mzee Rula akaja kusimama mbele ya meza yake. "Mlango wa chuma, mita mbili na nusu kutoka kwenye chaja. Nimepima mwenyewe. Imesainiwa leo, zote thelathini na sita, na bahasha imeshapelekwa, fomu yako ikiwa ukurasa wa mwisho kama kanuni inavyotaka." Akakohoa. "Nadhani una simu ya kupiga."

Alipiga. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Hakurudi mezani. Alipitia nyumbani, akavaa gauni la njano ambalo dada yake alikuwa akimwomba kila siku alivae, akaenda karakana.

Wapanda baiskeli walimpisha walipomwona. Fundi alikuwa amechuchumaa akikaza minyororo, mgongo mlangoni.

"Tumeshakaguliwa," akasema bila kugeuka.

"Sikuja kukagua."

"Baiskeli haziuzwi."

"Fundi, nitazame."

"Nimeitazama simu wiki tatu. Nimetosheka."

"Bahasha ya bima umeifungua?"

"Nimeona sahihi na muhuri. Inatosha."

"Fungua ukurasa wa mwisho. Tafadhali."

Fundi akapangusa vidole kwenye kitambaa, akaivuta bahasha mezani. Alisoma midomo ikicheza. Karakana nzima ilijifanya ina kazi; mmoja alikuwa akijaza upepo tairi lililojaa tangu asubuhi. Fundi akasoma tena kuanzia juu.

"Hii ni Jumanne ile?"

"Siku moja baada ya kuja hapa."

"Mimi nilikuwa sijakwambia kitu."

"Najua."

"Kwa hiyo umeiambia kampuni nzima kabla ya kuniambia mimi?"

"Nilikuwa na njia gani nyingine? Siku moja baiskeli itaungua, Mungu apishe mbali, na kampuni itapekua faili ukurasa kwa ukurasa ikitafuta sababu ya kutokulipa. Sikutaka sababu hiyo iwe mimi. Ningekwambia ungefurahi siku moja, kisha ungebaki na karatasi isiyo na maana. Nikaona bora unichukie."

"Na ule mlango? Ulisema kimekaa vizuri."

"Sikuupima. Miaka kumi na moja sijawahi kusahau, nikasahau kwako. Ulicheka, na mimi nikakutazama."

Fundi akaweka karatasi chini taratibu. Pale palipokuwa na hasira, sasa hapakuwa na kitu, na uso wake ukabaki mtupu kama wa mtu aliyeamshwa.

"Nilikuwa napita mtaa wa ofisi yenu kila jioni," akasema. "Sina mzigo wa huko hata mmoja. Napita tu. Nikiona taa ya dirishani kwenu, naondoka."

"Mimi nilikuwa napita duka la dawa."

"Unaumwa?"

"We fundi! Naumwa nini?"

Yule wa tairi akashindwa kujizuia, akacheka, wenzake wakamzomea anyamaze.

"Faili langu hutaligusa tena?" fundi akauliza.

"Kamwe. Hata spoku moja."

"Na mimi mwenyewe?"

"Mimi nimeshasema yangu, kwa wino, na ofisi ikapiga muhuri. Yako sijayasikia."

Fundi alisimama, vijana wake wakimtazama, mtu mwenye maneno ya utani kwa kila jambo, na utani wote ukamkimbia.

"Nakupenda," akasema. "Nimekukosa mpaka chakula kikanishinda. Nataka nikuoe, nije kwenu nimwombe dada yako hata leo. Ningekukumbatia, lakini mikono yangu imejaa grisi."

"Naiona," mkaguzi akasema, akaishika yote miwili.