Nusu Iliyobaki Sandukuni

Nazaria Quiñones alipofungua ghala asubuhi ile alikuta mawe yamelala kifudifudi.

Si yote. Ghala la mawe la San Gaspar lina masanduku mpaka darini, na ndani yake zimo fimbo za jiwe ambazo mashine za kuchoronga zimezitoa chini ya milima yote ya upande huu wa jimbo la Durango. Kazi ya Nazaria ilikuwa kuzipasua. Kila fimbo aliipitisha kwenye msumeno wa almasi akaigawa kwa urefu, kama mtu apasuavyo muwa. Nusu moja ilikwenda maabara kusagwa na kupimwa. Nusu ya pili ilirudi sandukuni, uso uliokatwa ukitazama juu, ikae humo milele, ili siku mtu akiibishia ramani ya taifa aonyeshwe jiwe lenyewe. Yaliyogeuka yalikuwa ya sanduku moja tu, la mlima La Viuda.

"Chuy, ni wewe umeyageuza haya?"

Chuy Arreola, ambaye kazi yake ilikuwa kuyapiga picha masanduku, hakuinua hata kichwa. "Mimi? Dada, asubuhi hata mwenyewe najigeuza kwa shida, seuze mawe ya watu."

Nazaria akayalaza tena vizuri. Kesho yake akayakuta yamelala vilevile, uso chini, kama mgonjwa anayelalia kidonda chake mtu asikione. Na ghala zima lilinuka mvua. Ilikuwa mwezi wa tano, vumbi limefika magotini, na San Gaspar haijaona wingu tangu sikukuu ya Noeli.

Jiwe lile lilikuwa kipenzi cha Injinia Baltazar Ontiveros. Injinia hakuwa mtu mbaya, na anayemwita mbaya leo anasema baada ya mambo kuharibika. Alikuwa mtu wa haraka tu. Ramani aliyoichora kwa miaka ilikuwa na pengo jeupe katikati, na yeye aliamini kwamba mkanda wa madini ya risasi na fedha unapita hapohapo, chini ya La Viuda. Wakubwa wa mji mkuu walikuwa wamechoka kusubiri. Walimwambia alete ushahidi kabla ya mvua, la sivyo mashine ihamie jimbo jingine na pengo lake libaki pengo.

Ndiyo maana alichoronga siku ya Msalaba Mtakatifu.

Asiyekulia huku huenda asione kosa. Siku hiyo mwashi hagusi mwiko, mchimbaji hagusi sururu, mpaka msalaba uliopambwa maua usimikwe pale panapofanyiwa kazi. Wachorongaji walikuwa wamekwisha utengeneza wao, wa mti wa mesquite, wakaufunga maua ya karatasi ya buluu na nyekundu, na msimamizi wao akavua kofia akamwomba Injinia nusu saa tu.

"Msalaba utasubiri," Injinia alisema. "Hauna haraka, ndiyo uzuri wake."

Walicheka kwa adabu, ile adabu ya mtu aliyeudhika. Mashine ikashuka. Fimbo iliyopanda alasiri ile ilikuwa nyeusi tii, ina mishipa myeupe inayotawanyika kama mishipa ya mkono wa mzee, na aliyeipokea alisema ina joto. Hakuna aliyemsikiliza, maana mashine hupasha moto kila kitu. Msalaba ulisimikwa jioni, tundu likiwa limekwisha zibwa.

Nazaria aliipasua fimbo ile. Kabla nusu ya maabara haijaondoka, Injinia alichukua kijipande chenye mshipa mnono zaidi, akakigandisha juu ya kioo cha ukubwa wa kidole na kukisugua mpaka kikawa chembamba kuliko unywele, mwanga unapita ndani yake. Hivyo ndivyo wanavyosoma jiwe, kwa hadubini, kioo kikimulikwa kutoka chini. Alichokiona kilimnyima usingizi kwa furaha. Tangu hapo kila jioni alikaa chumbani kwake na kioo kile kama bwana harusi.

Aliyegundua jambo la pili ni Chuy, wakati wa chakula.

"Naza, siku hizi unamwekea nani nusu?"

Nazaria akatazama sahani. Gordita yake, ule mkate mnene wa mahindi uliojazwa maharage, ilikuwa imeliwa upande wa kulia tu. Upande wa kushoto ulibaki mzima, na mpaka wa meno ulikuwa umenyooka kama umepigiwa rula.

"Nimeshiba."

"Na nywele nazo zimeshiba?"

Alikuwa amechana upande mmoja. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimesongamana kama alivyotoka nazo kitandani, na mkono wa kushoto wa sweta ulining'inia mtupu, mkono wenyewe ukiwa umebanwa ndani. Nazaria alicheka, akavaa vizuri. Lakini Chuy hakucheka, na kwa mtu aliyemjua Chuy hilo lilitisha kuliko nywele.

Siku chache baadaye maji ya msumeno yalibadilika rangi. Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama juu ya bati. Chuy aliona kijito chekundu kikitiririka sakafuni, akadhani ni jiwe lenye kutu. Akakifuata kwa macho mpaka kwenye mashine. Nazaria alikuwa akiendelea kukata, anaimba kwa sauti ndogo, na kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimechanwa mpaka mfupa unaonekana.

"Zima," Chuy alinong'ona. "Dada, zima mashine. Usitazame chini."

"Kuna nini?"

"Zima tu."

Hospitali ya mjini Durango walimshona, wakampiga picha ya kichwa, wakasema ubongo wake ni safi. Daktari alimwambia apumzike. Nazaria hakutaka kupumzika. Nyumbani alikuwa ameanza kukigonga kila kizingiti kwa bega la kushoto, na binti yake mdogo alikuwa amekataa kulala upande huo, akisema mama upande huo ni baridi na unapumua peke yake.

Injinia hakuyaamini hayo mpaka siku umeme ulipokatika mji mzima. Alikwenda ghalani mchana, saa ya watu kujinyoosha, kuchukua sanduku moja. Alipofungua mlango alisikia msumeno ukizunguka. Akasimama. Taa zimezimika, mafeni yamesimama, waya wa msumeno ameuona kwa macho yake umechomolewa na kulala sakafuni kama mkia, na bado ule mlio mwembamba wa almasi ikila jiwe ulikuja kutoka nyuma ya masanduku, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena mpaka ukawa karibu sauti ya mtu, na ile harufu ya mvua ikawa nzito mpaka ikageuka harufu ya bucha asubuhi, na alipotaka kurudi nyuma mlango ukajifunga taratibu bila upepo wowote, na katika mwanga mdogo uliopita kwenye matundu ya bati akamwona Nazaria amesimama mbele ya sanduku la La Viuda, mkono wa kulia umeshika ubao, na mkono wa kushoto, ule wenye bandeji, ule ambao tangu juzi hauwezi kushika hata kijiko, unayageuza mawe moja baada ya moja, polepole, kwa upole wa mama anayegeuza kitoto.

"Nazaria."

"Injinia." Alinong'ona bila kugeuka. "Nani amesimama kushoto kwangu?"

"Hakuna mtu."

"Basi mbona ananiegemea?"

Injinia aliogopa, na niseme wazi, alikojoa kidogo. Hakuna aibu katika hilo. Alimshika Nazaria mkono wa kulia akamvuta nje juani, na upande wa kushoto wa mwili wake ulikuwa mzito kama anakokota watu wawili.

Jioni hiyo Chuy aliwapeleka kwa Doña Cuca, mjane wa mchimbaji, anayeuza majani ya dawa karibu na stendi na kuwasafisha watu kwa yai. Hakuuliza maswali. Alimpitishia Nazaria yai kuanzia utosini hadi miguuni, akiomba chini kwa chini, kisha akalivunja kwenye bilauri ya maji. Kiini kilishuka. Kilikuwa nusu. Kilikatwa katikati, na upande uliokatwa ulisimama wima majini kama ukuta.

Doña Cuca akaiweka bilauri mezani taratibu sana.

"Mlitoboa wapi?"

"La Viuda," Injinia alijibu.

"Lini?"

 Chuy akamjibia Injinia: siku ya Msalaba Mtakatifu.

"Mama yangu." Doña Cuca aliketi. "Mnadhani yale maua ni mapambo? Kila mlima una mwenyewe. Yuko humo kabla ya padri na kabla ya serikali. Msalaba ni hodi, mwanangu. Ukibisha hodi anasogea, unachukua jiwe lako unakwenda zako. Wewe hukubisha. Umemtoboa amelala, halafu ukampa huyu mtoto wa watu ampasue. Sasa ana nusu, anatafuta nusu ya pili, na haioni. Anachukua ya aliyemkata."

"Nifanye nini?" Nazaria aliuliza. Machozi yalimtoka jicho la kulia peke yake. "Doña Cuca, nina mtoto."

"Arudishwe. Mzima. Kilichomo sandukuni, unga ulioko maabara, tope la chini ya msumeno. Hata kilichoingia kwenye ukucha. Yote, kwenye tundu lilelile, na safari hii hodi itangulie."

Injinia alijitetea kidogo, kwa mazoea. Alisema lile ni jiwe la taifa, na bila jiwe vipimo havina shahidi.

"Ramani ni yako," Doña Cuca alimwambia. "Hakuna anayekunyang'anya ramani."

Kwa kweli Injinia alihangaika, tumpe haki yake. Alikwenda mwenyewe maabara akadanganya mpaka wakampa kila pakiti ya unga. Aliandika kwamba paa limevuja na sanduku limeharibika. Alipiga magoti akakwangua tope la msumeno kwa kijiko. Siku ya kupanda La Viuda alibeba mwenyewe gunia zito kuliko yote.

Kile kioo kilibaki chumbani kwake, chini ya hadubini. Alikikumbuka. Alikikumbuka kila hatua ya njia, na kila hatua alijiambia kwamba ni chembe, ni chembamba kuliko unywele, hakiwezi kuwa kitu, na kwamba pasipo kioo kile hana tena hata alama ya kuonyesha kwa miaka yote ile.

Walisimika msalaba kwanza, wenye maua mabichi. Wachorongaji walivua kofia. Doña Cuca alibisha hodi kwa fundo la kidole kwenye bomba la tundu kama mtu aliyefika kwa jirani, akasubiri, akabisha tena. Kisha wakazibua tundu, wakamimina. Unga ulishuka, tope likashuka, nusu za mawe zikashuka moja moja, na hakuna hata moja iliyosikika ikifika chini. Kabla ya la mwisho, Doña Cuca alimtazama Injinia.

"Ni yote?"

"Ni yote, Doña Cuca."

"Nakuuliza mbele ya msalaba."

"Yote."

Jiwe la mwisho likashuka. Tundu likavuta pumzi ndefu mpaka maua yakainamia ndani, na Nazaria akapiga yowe, akaushika mkono wake wa kushoto, akauminya, akaulamba, akaubusu. Kidole kilikuwa kinamuuma na alilia kwa furaha ya maumivu yale. Chuy naye alilia, akasingizia vumbi.

Nazaria alirudi kazini. Alikula gordita nzima, akachana nywele zote, na binti yake akalala upande aliotaka. Jicho la kushoto tu ndilo lililokataa. Halikuwa na ukungu wala kidonda, lakini halikupepesa, na hata akilala lilibaki wazi. Daktari alisema litazoea.

Ramani ilitoka, pengo limejazwa. Wakubwa walimpigia Injinia simu kumpongeza, wakamwomba awapelekee kile kioo kitunzwe kwenye hazina ya mawe ya taifa, vijana wa chuo wajifunzie. Alikifunga kwenye pamba akakituma kwa basi la asubuhi. Alihisi ametua mzigo.

Wiki ile Nazaria alimwendea mezani, akafunga mlango. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa aibu.

"Injinia, hili jicho halijapofuka. Linaona. Ila halioni hapa."

"Linaona wapi?"

"Mwanzoni lilikuwa giza mchana kutwa. Jioni inawaka taa kali, kutoka chini, inaniunguza. Halafu juu linakuja jicho la mtu. Kubwa, limejaza mbingu nzima. Linanitazama, linanitazama, siwezi kufumba." Akamtazama kwa jicho la kulia. "Lina doa la kahawia pembeni, kwenye weupe. Kama hilo lako."

Injinia aliinua mkono akalifunika jicho lake bila kujua.

"Nikasema nitavumilia, Injinia ni mtu wangu. Juzi likawa giza, nikahisi natikiswa kama niko garini, safari ndefu. Jana taa ikawaka tena." Lile jicho la kushoto, lililo wazi, halikuwa likimtazama yeye wala kitu chochote cha chumba kile. "Sasa si wewe tena. Ni wengi. Wanapokezana."