Neno la Siri la Mtaa wa Chinorli

Kila siku baada ya shule, Saodat alikwenda ofisi ya mtaa wa Chinorli, mjini Margilan, kumsaidia shangazi yake Robiya. Alifagia, akachemsha chai, kisha akakaa mbele ya kompyuta iliyotunza hifadhidata ya mtaa: nani ameomba viti, nani ameomba ukumbi, na kubwa kuliko yote, nani atatumia sufuria kuu ya palovi, wali wa nyama wa sherehe, siku gani. Sufuria hiyo ilikuwa moja tu, na watu mia tatu hawapikiwi kwenye sufuria ya nyumbani. Mtu aliweza kuifungua hifadhidata hata kwa simu, mradi awe na neno la siri.

Neno lenyewe lilikuwa moja, la Shangazi Robiya. Alimpa Saodat na kumwonya asimwambie mtu. Lakini Saodat alikuwa amelelewa vizuri, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa maana kwao mgeni hanyimwi kitu. Mzee Hoshim, mwoka mikate, alipomwomba neno hilo ili aangalie tarehe, Saodat aliona haya kumnyima mtu mwenye ndevu nyeupe. Kinyozi akaomba, akapewa. Kisha akaja Bibi Oyposhsha, mwenye masikio mazito, akalirudia kwa sauti kubwa mpaka wapita njia wakalisikia.

Wiki moja kabla ya harusi ya Dilorom, dada yake Saodat, baba yao alichungulia orodha kwenye simu ya Saodat ili kuhakikisha mambo. Jina la Dilorom halikuwapo. Mahali pake palikuwa pameandikwa: Hoshim, sherehe ya mjukuu. Kadi zilikuwa zimekwisha kugawiwa, na Mama akaanza kulia.

Familia na majirani wakamiminika ofisini. Shangazi Robiya alifungua kumbukumbu za mashine aone nani amefuta jina. Zilisema waziwazi: Robiya.

"Kumbe ndiyo maana mikate ya Hoshim haikauki mezani kwako," akasema kinyozi.

Baba alimtazama Robiya, dada yake, kama mtu asiyemjua. Saodat alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya Margilan ni ngumu, haikupasuka. Akajikaza.

"Si Shangazi," alisema. "Mimi niliwapa watu neno lake. Yeyote anayelitumia, mashine inadhani ni yeye."

Kisha Bibi Oyposhsha akakohoa.

"Mimi nilibonyeza tu kile kitufe cha kufuta nione kama kinafuta kweli," alisema. "Kikafuta."

Mzee Hoshim naye akakiri kwamba alikuta nafasi wazi, akaandika jina lake bila kuuliza. "Lakini mjukuu wangu hana hata jino moja," alisema, "palovi ataila lini? Nitasogea Jumapili."

Mama akafuta machozi, na Baba akamwomba dada yake radhi mbele ya wote. Jioni hiyo Shangazi alibadilisha neno lake, kisha akamkalisha Saodat wapange upya. Kila mtu alipewa jina lake na neno lake la siri. Wote waliruhusiwa kusoma orodha, mwakilishi wa kila kichochoro cha mtaa aliruhusiwa kuandika, na kufuta kukawa kwa Shangazi peke yake.

"Shangazi, watu hawatasema tuna choyo?" Saodat aliuliza.

"Mwanangu, mgeni akija nyumbani tunampa nini?"

"Chai na mkate."

"Tunampa na ufunguo wa sanduku la mahari ya dada yako?"

Saodat akacheka. Hapana, hata Bibi Oyposhsha hapewi.

"Basi ukarimu ni chai, na ufunguo ni amana. Ukiigawa amana, anayeaibika ni aliyekuamini. Leo umeniokoa kwa kusema kweli; kesho niokoe kwa kufunga mdomo."

Kesho yake Bibi Oyposhsha alikuja, akajaribu kufuta jina moja ili kupima tu. Mashine ikamwandikia kwamba hana ruhusa. Bibi akanung'unika kwamba kitu hicho hakina adabu, sijui kimelelewa na nani. Akamgeukia Saodat, akamnong'oneza kwa sauti iliyofika barabarani amwambie neno jipya la Shangazi.

Saodat akammiminia chai kwa mikono miwili.

"Karibu mkate, Bibi," alisema.