Ghorofa ya Saba

Ukumbi wa kampuni ya simu ulikuwa umefurika watu tangu saa mbili asubuhi. Mashine ya kutoa tiketi za foleni ilikuwa imeharibika, kwa hiyo mlinzi alikuwa akiandika namba kwa kalamu kwenye vipande vya karatasi, na kila aliyemuuliza swali alijibiwa kwa kuonyeshwa viti kwa kidevu. Kwenye kiti cha mwisho karibu na dirisha aliketi mama mmoja, mpiga chapa mstaafu, amevaa gauni la kijivu na mtandio mweusi, mkoba mapajani. Alikuja kufunga laini ya marehemu mumewe.

Alikuwa na miezi minane ya ujane, na tangu mazishi hakuwa amelia. Binti yake alikuwa na wasiwasi juu ya jambo hilo. Yeye mwenyewe hakuwa nao. Alijisikia kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: anajigusa shavu, anajua ni lake, basi.

Kando yake akaja kuketi mzee mrefu, shati jeupe, kola imepigwa pasi na mtu asiyeijua vizuri kazi hiyo. Mkononi alikuwa na simu iliyopasuka kioo. Akamtazama mama yule, akatazama sakafu, akamtazama tena.

"Unakwenda ngapi?" akauliza.

Mama alidhani anaulizwa namba ya foleni. Akakunjua kikaratasi chake amsomee, halafu mkono ukasita. Sauti ile aliijua.

"Saba," akasema.

"Nilijua tu. Hujambo, Saba?"

"Sijambo, Fundi."

Hawakukumbatiana wala kupeana mikono. Walikaa wakitazama mbele, kama watu wawili wasiojuana wanaosubiri kuitwa.

Miaka arobaini na mmoja nyuma, jengo refu kuliko yote katika mji mkuu ule lilikuwa na ghorofa kumi na lifti moja. Lifti hiyo ilikuwa na tabia ya kusimama njiani, na kampuni iliyoifunga ikamleta fundi kijana akae humo ndani mchana kutwa ili watu wasiogope kupanda. Alivaa suruali ya bugaluu iliyofagia sakafu, na bisibisi kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo wenzake waliweka kalamu. Asubuhi moja, katikati ya msukumano wa wafanyakazi, akaingia msichana mwenye gauni la manjano lenye marinda na viatu vya soli nene vilivyomfanya atembee kama anayevuka mto juu ya mawe.

"Unakwenda ngapi?"

"Saba."

Kesho yake akauliza tena, na keshokutwa. Msichana akamwambia fundi mwenye kichwa kizito namna hiyo asipewe lifti, apewe ngazi. Tangu hapo akamwita Saba, na jina likamkaa. Wiki ya tatu lifti ikakwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita, wao wawili tu ndani, dakika arobaini nzima. Saba aliapa kwamba Fundi aliisimamisha makusudi. Fundi alikana, lakini alikana huku akicheka.

Wakati ule mji nao ulikuwa kijana kama wao. Kila mwezi jengo jipya lilivuliwa miti ya ujenzi, na wao walipita chini yake jioni, wakichagua dirisha na kusema lile letu. Jumamosi mchana bendi ilipiga katika ukumbi nyuma ya sinema, na Saba alirudi nyumbani viatu mkononi. Siku za kazi, Fundi aliomba simu ya mapokezi chini na kupiga juu.

"Ghorofa ya saba, habari za mawinguni?"

"Mawinguni kuna kazi. Nyinyi wa ardhini mna shida gani?"

"Shida yetu imevaa nini leo?"

"Imevaa bosi anayeniangalia. Kata simu, mpenzi."

Kisha kampuni ikampeleka Fundi ng'ambo kusomea mitambo mipya, mwaka mmoja. Mkono wake ulizoea spana kuliko kalamu, akaahidi kupiga simu ofisini kwa Saba kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Alipiga mara tatu. Mwezi wa nne mji ukabadilishiwa namba zote za simu, na Jumatatu ile ikapita kimya. Ikapita na nyingine. Nyumbani kwa Saba alikuwa akifika afisa mmoja wa forodha, mtu mpole, aliyekuja kila Jumapili na kuzungumza na baba yake. Saba akakubali kuolewa naye. Baadaye akapita kwenye kampuni ya lifti kuulizia, karani akamwambia Fundi ameongeza mkataba wa miaka miwili.

Hivyo ndivyo alivyoisimulia hadithi hiyo maisha yake yote, kwa dada zake, na hata kwa binti yake: namba zilibadilishwa, mwanamume hakurudi.

Pale ukumbini Fundi naye alisimulia hivyo hivyo. Namba zilibadilishwa, alisema. Saba akaitikia kwamba ndiyo, zilibadilishwa. Namba yake ya foleni ikaitwa. Msichana wa dirishani akamuuliza sababu ya kufunga laini, akamjibu kwamba mwenyewe amefariki, akapewa pole na karatasi ya kusaini. Akasaini. Aliporudi, Fundi alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri, simu yake bado ina ufa.

Walitembea hadi mtaa wa jengo lao. Halikuwapo. Palikuwa na uzio wa mabati, na ndani yake shimo ambamo malori yalishuka na kupanda. Waliingia katika mgahawa wa upande wa pili na kuagiza chai. Fundi akaonyesha sinema ilipokuwa, sasa benki. Saba akaonyesha ukumbi wa dansi, sasa duka la matairi. Walionyeshana hivyo kwa muda mrefu, bila huzuni, kama watu wanaomwelekeza mgeni njia.

Fundi akamweleza kwamba mkewe aliondoka miaka kumi na mmoja iliyopita, bila ugomvi, na kwamba anaishi peke yake katika vyumba viwili. Halafu akasukuma kikombe pembeni.

"Saba, maneno ya ujana yameniishia. Tuoane."

"Fundi, mimi sisikii kitu. Sikusikii wewe, simsikii marehemu. Hata nafsi yangu siisikii."

"Sijakuuliza unasikia nini."

Saba akageukia barabarani. Lori likapita, vijiko vikatetemeka kwenye visahani.

"Ulinipigia," akasema. "Baada ya namba kubadilishwa. Ilikuwa Jumatano, karibu na chakula cha mchana. Nilikuwa na wiki mbili tangu nichumbiwe. Ukasema ghorofa ya saba, nami nikakwambia umekosea namba." Hakuwahi kuyatamka maneno hayo kwa mtu yeyote. Alingoja yamuume, na hayakumuuma. "Nilipoambiwa umeongeza mkataba, nilifurahi. Nilipata wa kumlaumu."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ile namba mpya nilipewa na mwenzangu wa pale mapokezi. Na wewe nilikuwa nimekusikiliza mwaka mzima, Saba. Ningeshindwaje kuijua sauti yako?" Alikuwa akitazama shimo ng'ambo ya barabara. "Nilipokata simu nilikwenda moja kwa moja kuusaini ule mkataba. Sikuwa na wa kumrudia."

"Ungepiga tena."

"Ulisema kama mtu aliyekwisha kuamua."

"Nilikuwa natetemeka."

"Kwenye simu haikuonekana."

Chai ikapoa, mhudumu akaja kuulizia, wakamwambia aache tu. Saba alimtazama mzee yule, kola yake mbaya, mikono yake mikubwa iliyotulia mezani, akatafuta ndani yake furaha au aibu au hasira. Hakuipata hata moja. Alichokipata ni kwamba hataki kuinuka.

"Jibu sina leo," akasema.

"Nipige lini?"

"Usipige. Njoo."

Akachukua leso ya karatasi, akamwandikia mtaa na namba ya nyumba kwa herufi zake za mpiga chapa, zilizonyooka kama askari.

Jumapili, saa nne asubuhi, mlango ulibishwa. Binti ndiye aliyefungua. Akamkuta mzee mrefu amesimama wima kwenye mkeka wa mlangoni, na kabla mzee hajajitambulisha, binti akamuuliza kwa heshima anamtafuta nani. Fundi akafungua kinywa, akakosa jinsi ya kumtaja mama wa watu mbele ya mwanawe. Jibu likatoka jikoni, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayekausha vyombo.

"Mpishe apite, mwanangu. Huyo ni mtu wangu."