Kipindi Ambacho Akidi Hakukisikia

Kila jioni, kabla ya kwenda kulinda maduka usiku mtaani Nakivubo, mama yake Akidi alimwachia binti yake kitendawili. Jibu lilingoja asubuhi.

"Kitendawili," alisema Alhamisi ile, akifunga mkanda wa sare.

"Tega."

"Mgeni wetu huongea jioni nzima wala haombi chakula. Haya, baki nacho. Na usikose kipindi cha wakulima. Leo ni viwavi wa mahindi."

Mlango ukafungwa. Akidi akabaki na redio tu. Mahindi yao, posho yao, ugali wa miezi ijayo, yalikuwa bondeni nyuma ya kambi ya polisi, na viwavi walikuwa wakiyatafuna. Lakini sauti nzito ya mtangazaji iliifanya nyumba izidi kuwa kimya. Akageuza kitufe. Kwenye stesheni nyingine, watoto walikuwa wakitumiana salamu na kutaniana. Akacheka nao, peke yake, mpaka kipindi cha wakulima kikaisha.

Asubuhi Mama akauliza, "Wamesemaje?"

"Tunyunyizie sabuni ya unga," Akidi alijibu haraka. "Iwe kali."

Mama akanyunyizia mstari wa kwanza. Kesho yake majani yalikuwa yameungua na kujikunja. Viwavi walikuwa wazima kabisa.

"Ni mimi nimekosea kuchanganya," Mama alisema, amechuchumaa. "Redio haiwezi kutudanganya. Ngoja nichanganye upya, nimalizie mistari mingine."

Akainua ndoo. Akidi akaishika.

"Mama, usinyunyizie tena. Redio haikusema hivyo. Nilitunga mimi."

"Kwani ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilihamia kwa watoto waliokuwa wakicheka."

Mama aliitua ndoo polepole. Kisha akapiga simu redioni, kama wakulima wengi wafanyavyo.

"Sabuni hiyo ni ya nguo, mama," bwana shamba wa kipindi alimwambia. "Amka mapema, funua majani ya katikati, watoe viwavi kwa mkono uwaponde. Rudia kila mara."

Wakafanya hivyo pamoja kabla ya shule, mpaka mahindi yakatoa majani mapya. Mstari ulioungua wakaupanda maharage.

"Ungeniambia una upweke, ningekutafutia watu," Mama alisema, akifukia mbegu. "Neno la kutunga limetuchomea mstari mzima. Kama hukusikia, sema hukusikia. Hapo tutauliza."

Siku hizi, Alhamisi, Akidi huibeba redio hadi kwa jirani yake Rukiah, ambaye mama yake ni mkulima mwenzao. Huko wanasikiliza wote, wakibishana na mtangazaji kana kwamba ameketi nao mkekani.

"Mgeni haombi chakula," Akidi alimnong'oneza Rukiah jioni moja, akiionyesha redio kwa kidole, "lakini anataka asikilizwe."