Ugali Umepita, Kipimo Bado

Acidri, mkulima wa Aroi, alimega kipande cha tatu cha enyasa, ugali wa muhogo, akakimeza. Hakikukwama. Mkewe, Candiru, alimtazama bila kula.

Miezi minne kabla, hata uji haukupita. Madaktari waligundua kansa ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Walimtibu Kampala kwa dawa za dripu na kwa mionzi.

"Nimepona," alisema Acidri. "Jumapili tutatoa shukrani kanisani."

"Jumapili utakuwa ndani ya basi. Karatasi ya hospitali inasema kipimo cha baada ya mionzi ni Jumatatu, Kampala."

"Kipimo changu ni hiki." Akamega kipande cha nne.

Mchana Obitre, mdogo wake, mfanyabiashara wa Koboko, alifika kwa bodaboda akiwa amempakata mbuzi wa shukrani. Candiru alimweleza kuhusu kipimo cha Jumatatu.

"Kaka, wewe iko na nguvu kuliko mimi," alisema. "Watu yote ya kijiji ya Ludara nimealika kwa shukrani. Sasa niwaambie nini, shemeji?"

Candiru aliingia jikoni, akatoka, akaingia tena. Mwishowe alikwenda kumwita jirani yao Harriet, muuguzi wa kituo cha afya.

"Mzee Acidri," alisema Harriet, "udaktari umeusomea lini?"

"Nimeusomea kwenye sahani, sista. Chakula kinapita."

"Kinapita kwa sababu uvimbe umepungua. Mabaki madogo ya kansa hayazuii chakula, na huenda yasiume. Hukua kimyakimya."

"Basi mbona hawakunipima siku ya mwisho ya mionzi?"

"Siku ile ndani kulikuwa na vidonda vya mionzi. Ni vigumu kuvitofautisha na kansa. Ndiyo maana walisubiri majuma manane."

"Watafanya nini?" aliuliza Candiru.

"Watapitisha mpira mwembamba wenye kamera ndogo mpaka kwenye umio. Watachukua vinyama vidogo vipimwe maabara. Kisha watapiga picha za kifua na tumbo, waone kama kansa imesambaa. Kipimo kimoja peke yake hakitoshi."

Acidri aliisukuma sahani ya chakula cha mchana. "Na wakiikuta?"

Aliivuta tena sahani karibu.

"Hilo ndilo ninalolikimbia," alisema polepole. "Leo ninakula. Niacheni nile."

"Wakiikuta mapema na haijasambaa, huenda wakaweza kukupasua na kuiondoa," alisema Harriet. "Ukingoja mpaka chakula kikwame tena, huenda tukawa tumechelewa."

Obitre alikuna kichwa. "Watu nitawaambia mimi wangoje," alisema. "Nenda, kaka."

Jumapili Acidri na Candiru walipanda basi. Baada ya vipimo walisubiri majibu siku tisa katika nyumba ya binamu yao. Candiru alifua nguo zilizokuwa safi. Kila simu ilipolia, Acidri alisimama.

Siku ya kumi daktari aliwaeleza. Kansa ilikuwa imebaki, kipande kidogo, na haikuonekana kusambaa. Acidri aliuliza maswali mengi, kisha akakubali kupasuliwa.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Ilimbidi ajifunze kula kidogo kidogo, mara sita kwa siku, na kulala akiwa ameinuliwa kichwa. Siku ya kuruhusiwa, Candiru alikuwa amekwisha kufunga mizigo, na Obitre alipiga simu kila baada ya muda mfupi kuuliza kama wameondoka.

Acidri hakuinuka kitini.

"Daktari," alisema, "kwanza niandikie tarehe ya kurudi kupimwa."