Kete Iliyosogezwa

Lifti ya lile jengo la ghorofa nane iligoma saa ya chakula cha mchana, na watu wakapanda ngazi wakiitukana kwa zamu. Ukumbi wa chini ulifurika makarani wenye mafaili na wagonjwa wa kliniki ya meno walioshika mashavu. Na fundi wa lifti je? Fundi mwenyewe, ovaroli ya bluu imeingia grisi mpaka magotini, alikuwa amekaa kwenye meza ya mlinzi anacheza drafti.

"Nasubiri kipuri," alimjibu kila aliyemtolea macho.

Ni kweli alikuwa anasubiri kipuri. Lakini jamani, mtu anayesubiri kipuri hakenui meno yote namna ile. Tena alikuwa anashindwa. Mlinzi alikuwa anamla kete mbilimbili. Alipoinua mkono na yeye ale moja, sauti ikatoka nyuma ya bega lake.

"Usiile hiyo. Umetegwa."

Akageuka. Alikuwa mwanamke wa makamo yake, amevaa koti jeupe la duka la dawa lililokuwa palepale chini, nywele amesuka mistari myembamba, kalamu mbili mfukoni, mkononi ndizi iliyomenywa nusu.

"Daktari, na drafti unaijua?"

"Mimi mfamasia. Na wewe ni fundi au mchezaji?"

"Vyote viwili."

"Basi vyote viwili hujui."

Mlinzi alicheka hadi kofia ikamdondoka. Mfamasia akavuta kiti, akacheza kwa mkono mmoja, akamaliza mchezo kabla hajamaliza ndizi. Fundi alibaki ameangalia ubao, halafu akamwangalia yeye. Kipuri kilipofika hakukiona.

Mapenzi yao yalianzia hapo. Mfamasia alimpa Fundi jina la Lifti, kwa kuwa, alisema, leo yuko juu kesho yuko chini. Fundi akamwita Dozi, kwa kuwa alimhitaji kutwa mara tatu.

"Dozi yangu, umeamka?" alimpigia kila asubuhi.

"Nimeamka, Lifti. Umekwama ghorofa ya ngapi?"

"Ya moyo."

"Toka hapa! Maneno hayo umeyaokota wapi?"

Kila Jumapili mchana walicheza drafti sebuleni kwa Mfamasia, na kila Jumapili Fundi alipigwa. Mfamasia alikuwa na kichwa cha ajabu. Mchezo wa miezi mitatu nyuma angeupanga upya, hatua kwa hatua, akuonyeshe ulipokosea. Mama yake ndiye aliyemfundisha, enzi hizo wakitumia vizibo vya soda. Na mama huyohuyo sasa alikuwa amepoteza kumbukumbu. Alianza mapema, kabla hata ya kustaafu, na alianza na vitu vidogo vidogo. Mfamasia hakupenda kuyazungumza hayo.

Fundi alipogusia ndoa, Mfamasia alicheka. "Siku utakayonishinda ndiyo siku nitakayokubali. Kabla ya hapo usiniletee pete."

Masikini Mfamasia, alidhani ni utani wa kupita tu. Fundi aliyachukua yale maneno, akaenda nayo kazini, akalala nayo.

Sasa sikilizeni alichokifanya.

Jumapili moja mchezo ulikuwa umekaza. Kwa mara ya kwanza Fundi alikuwa hajaachwa nyuma. Simu ikalia. Mfamasia akatazama kioo, akasema, "Dada huyo, nakuja," akatoka nje barazani. Fundi akabaki peke yake na ubao. Akaona kwamba kete yake moja nyeusi ya pembeni, lau ingekuwa nyumba moja mbele, angekula tatu kwa mpigo na kuingia kingi, mwisho wa ubao ambako kete huwa mfalme. Nyumba moja, mraba mmoja tu. Kidole chake kikaenda. Hata hakuamua, kidole kilikwenda chenyewe, ndivyo alivyojiambia baadaye, na hata yeye mwenyewe hakuyaamini maneno hayo.

Mfamasia alirudi macho yamelowa. "Mama ameangalia picha yangu ukutani," alisema, "akamuuliza dada huyu binti ni nani." Akakaa. Akafuta macho kwa kiganja. "Tucheze, tafadhali. Nisipocheza nitalia."

Fundi angeweza kuirudisha kete wakati ule. Alikuwa na nafasi. Badala yake akacheza, akala tatu, akaingia kingi, na hatua chache baadaye akashinda. Mfamasia alikodoa macho, kisha akaangua kicheko, kicheko cha kwanza tangu simu ile, akamrukia shingoni. "Lifti! Umenishinda! Wallahi umenishinda! Haya, iko wapi pete?"

Ungemwambia vipi mtu mwenye furaha ile? Fundi hakumwambia.

Harusi waliipanga ndogo, tena ya mchezo mtupu. Watu kumi na wawili tu, kama kete za upande mmoja. Nusu wavae nyeusi, nusu nyeupe, na vitambaa vya meza viwe vya miraba. Wageni watacheza wawili wawili, na atakayefungwa ataosha vyombo. Wakacheka wakipanga, wakirushiana mito kwenye kochi.

"Na mlinzi akifungwa?"

"Ataosha na kofia yake."

"Na mimi nikifungwa?"

"Wewe bibi harusi."

"Bibi harusi hana mikono?"

Kisha Mfamasia akapiga makofi. "Keki! Dada ataioka mraba, kama ubao, na juu yake tutapanga kete za chokoleti vilevile zilivyokuwa siku uliyonishinda. Mchezo wenyewe, Lifti! Ngoja niupange."

Fundi aliuweka chini mto aliokuwa anataka kuurusha.

Mfamasia akapanga kete, akaanza kucheza pande zote mbili kwa kumbukumbu. Akafika katikati. Akasita. Akarudi nyuma. Kete nyeusi ya pembeni ilikuwa inakaa nyumba moja nyuma kila alipoupanga, na ikiwa nyumba ile, kete tatu haziliki.

"Ajabu," alisema. "Ulikula tatu. Mbona hapa huwezi?"

"Achana nayo, mpenzi. Tupange tu vyovyote. Keki italiwa."

"Hapana. Mimi sisahau michezo."

Alijaribu kesho yake. Akajaribu keshokutwa. Wiki ya pili Fundi alipoingia jikoni alikuta karatasi zimebandikwa kwenye friji: Zima jiko. Funga dirisha. Funguo ziko kwenye bakuli. Maandishi mazuri ya mfamasia, yamenyooka.

"Hizi za nini, Dozi?"

"Tahadhari tu." Alikuwa anaosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. "Mama alianza hivihivi. Kitu alichokijua vizuri kuliko vyote ndicho kilichoanza kumponyoka. Yeye ilikuwa nyimbo za kwaya."

Semeni ninyi, mtu mwenye roho asingetapika ukweli palepale? Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Alijiambia kesho. Kesho ilipofika akajiambia baada ya harusi. Kazini alibana nati moja mara tatu, akaulizwa na wenzake kama anaumwa. Kila alipompigia, sauti yake mwenyewe ilimchukiza.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Nadhani. Ngoja niangalie." Hatua zikasikika hadi jikoni. "Ndiyo, sahani hii hapa."

Akikata simu, Fundi aliegemea ukuta wa shimo la lifti na kujigonga kisogo.

Wiki ya tatu, Jumamosi mchana, Mfamasia alimwita nyumbani. Alikuwa amevaa gauni la kijani alilolipenda Fundi, lakini bila hereni, na ubao uko mezani kati yao.

"Kaa," alisema. "Nimeomba likizo kazini."

"Likizo ya nini?"

"Natoa dawa za watu. Nikikosea kipimo, mtu anakufa. Wiki hii kila dawa niliyotoa nimemwomba mwenzangu aihakiki, na wateja wanashangaa." Akavua pete polepole, akaiweka juu ya ubao, kwenye mraba mweusi. "Na wewe sitaki ukae miaka ishirini na mwanamke anayekuuliza wewe ni nani. Nimemwona baba alivyoishia. Tuahirishe. Au tuache kabisa. Sikulaumu."

"Dozi..."

"Usinibembeleze. Nikibembelezwa nitakubali."

"Niliisogeza."

"Nini?"

"Kete. Ile ya pembeni. Ulipotoka kupokea simu niliisogeza nyumba moja. Kichwa chako ni kizima. Kila ulipoupanga uliupanga sawasawa. Mimi ndiye mwizi."

Mfamasia aliiondoa pete kwenye ubao, akapanga kete zote upya, haraka, vidole havikosei. Akafika katikati. Kete nyeusi ya pembeni ikakaa pale ilipopaswa kukaa. Akaisukuma nyumba moja mbele kwa ukucha, akazihesabu tatu zilizoliwa, moja, mbili, tatu. Mchezo ukakubali. Akafunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti, na Fundi akaona ni kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Akanyoosha mkono amguse.

"Usiniguse!" Mfamasia alisimama. "Kuniibia mchezo ningekusamehe. Ningekucheka mpaka uzeeni. Lakini wiki tatu, Lifti! Wiki tatu unaniona nabandika karatasi jikoni kwangu! Unaniuliza nimekula, na unajua!"

"Niliogopa kukupoteza."

"Mimi niliogopa kujipoteza mwenyewe. Nani kati yetu aliogopa zaidi? Toka. Toka kabla sijakupiga na ubao."

Akatoka. Alitembea mpaka kwake na hakumbuki alipita wapi.

Siku tisa simu yake haikupokelewa. Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta, akatuma mfupi: Nimekosa. Haukujibiwa. Siku ya sita dada mtu alipiga. "Shemeji," alisema, halafu akakohoa. "Sijui kama bado nikuite shemeji. Amerudi kazini. Anakula. Unga wa keki ninao hapa, wala sijui nifanye nao nini."

"Mwambie..."

"Mimi si tarishi. Kamwambie mwenyewe, akitaka kukusikia."

Siku ya kumi lifti ya lile jengo ikagoma tena. Fundi aliomba atumwe mwingine, bosi akakataa. Akaingia kwa mlango wa nyuma, akafanya kazi kichwa chini, na alipotoka shimoni kunawa mikono ukumbi ulikuwa umejaa, saa ya chakula. Kwenye meza ya mlinzi, koti jeupe, kalamu mbili mfukoni. Ubao umepangwa. Aliutambua mchezo kabla hajafika. Kete nyeusi ya pembeni ilikuwa imerudi nyumba moja nyuma.

"Kaa," alisema Mfamasia. "Tumalizie pale ulipouharibu."

Akakaa. Watu wakakusanyika. Fundi akacheza kama mtoto wa jana, na katika hatua tisa hakuwa na kete hata moja. Wale wa kliniki ya meno wakazomea, mashavu yakiwauma.

"Umeshindwa," alisema Mfamasia.

"Nimeshindwa. Na ile siku pia nilishindwa."

"Kwa hiyo huwezi kunioa. Masharti ni masharti."

Fundi aliinamisha kichwa. "Najua."

"Lakini mimi nimekushinda Jumapili thelathini na mbili. Sharti la kwangu liko wapi? Hakuna aliyeniwekea." Akatoa pete kwenye mfuko wa koti, akaiweka mezani. "Kwa hiyo mimi ndiye ninayekuposa. Hasira bado ninayo, nakuambia mapema. Nitakuwa nayo hata nikiwa bibi harusi."

"Nastahili."

"Nani amekuuliza unastahili nini? Unakubali au hukubali?"

"Akikataa mimi nipo!" mlinzi alidakia.

"Nakubali," alisema Fundi, na machozi yakamshinda mbele ya jengo zima.

Harusi ilifanyika uani kwa dada mtu. Nyeusi sita, nyeupe sita, vitambaa vya miraba. Mlinzi alifungwa mapema, akaosha vyombo na kofia yake kama ilivyopangwa. Bibi harusi alivaa gauni jeupe fupi lenye vifungo vikubwa vyeusi, na bwana harusi suti nyeusi aliyoshonewa ikambana mabega. Mama mkwe alikaa karibu na meza yao kwenye kiti chenye mito, kimya, akiuliza mara kwa mara hii sherehe ni ya nani, na kila mara binti yake alimjibu upya.

Keki ilipoisha, maharusi wakacheza mchezo wao. Ulikaza. Katikati yake simu ya dada ikalia ndani, na bibi harusi akainuka. Angeweza kuiacha iite. Alimtazama mumewe, akautazama ubao.

"Nakuja," alisema, akaingia ndani.

Fundi aliinua mikono yote miwili, akaiweka kichwani. Wageni wakacheka bila kujua wanacheka nini. Alikaa hivyohivyo, jasho linamtiririka kwenye kola, haangalii hata ubao. Ndipo mkono mkavu, wenye mishipa, ukapita taratibu mbele yake. Mama mkwe alishika kete nyeusi, akaisogeza nyumba moja, akarudi kuegemea mito yake.

Bibi harusi alirudi. Akautazama ubao, mara moja tu, na Fundi akajua ameona. Masikio yakamwaka moto. Hakuwa na kosa, na bado alijiona mwizi yuleyule wa sebuleni.

"Si mimi," alisema, mikono bado kichwani.

Mke wake alimgeukia mama yake aliyekuwa anaangalia pembeni na kutabasamu peke yake.

"Najua," alisema. Akakaa, akavuta kiti karibu zaidi. "Shusha mikono, Lifti. Cheza."