Somo la Kuingia na Kutoka

Somo la saba lilikuwa la dakika tatu. Jumatano ile asubuhi lilifika dakika ya kumi na moja, na mwalimu wa kwenye video alikuwa bado anavuta pumzi.

Florentine, karani wa ghala moja la kununua madini pale Musonoi, alishachoshwa na masomo hayo ya programu mpya. La kwanza lilimfundisha kuwasha kompyuta kwa nusu saa nzima, utadhani hajawahi kuona umeme. La saba, lenye kazi yenyewe, yaani kumwandika mchimbaji anayeingia shimoni na kumwandika tena akitoka, lilipita mbio hata kabla hajashika kalamu. Na mtihani ulikuwa Ijumaa. Atakayeshindwa, kiti chake kinapewa mwingine. Jana yake alikuwa ameigombeza skrini: "Enda polepole, tata! Nani anakufukuza?"

Kwa hasira hiyo akakosea. Zoezi lilitaka jina, naye akaandika la kwanza lililomjia: Mukuna, kaka yake, aliyefukiwa shimoni miaka miwili iliyopita na hajatolewa hadi leo. Kwao jina la mtu kama huyo halitajwi kazini mpaka maiti yake ipatikane. Akamwingiza. Kumtoa akashindwa, maana hapo ndipo video ilipokimbia.

Sasa jina la Mukuna lilikuwa limeganda kwenye skrini: *Ameingia. Hajatoka.* Ofisi ilinuka udongo mbichi. Chini ya sakafu kitu kiligonga, chuma kwenye jiwe, kikanyamaza, kikagonga tena.

Florentine akampigia simu Tata Nasoro, mwenye malori, ambaye watu wa Musonoi humwendea awasomee dua. Mzee alifika, akasimama mlangoni.

"Uliandika jina ya nani, mama?" akanong'ona.

"Ya yaya yangu Mukuna. Ilikuwa exercice tu, tata."

"Ile inagonga haiko yaya yako. Ni jini ya mu shimo, inavaa jina ya bantu walikufa. Mi naanza kusoma. Ikikuita, usiitike."

Akasoma, na ule mlio ukawa unahama, chini ya kabati, chini ya meza, chini ya visigino vya Florentine aliyekuwa akiogopa hata kumeza mate, mpaka ukakoma ghafla, harufu ikapungua, Nasoro akafuta jasho, na Florentine akaangua kilio cha shukrani.

Ndipo video ikaendelea yenyewe.

"Flo," ikasema. Mukuna peke yake ndiye aliyemwita hivyo. "Leo hatutakimbia. Ntakuonyesha polepole."

"Merci, yaya," akajibu Florentine, kabla hajajizuia.

"Nilikuambia usiitike, mama!" akasema Nasoro. Kwenye skrini, herufi moja moja, bila haraka yoyote, mbele ya jina la Mukuna pakaandikwa *Ametoka*, na chini yake jina jingine likaanza: F, l, o. Florentine alitaka kuinuka, lakini sakafu ilikuwa inalainika chini ya viatu vyake, polepole, kama alivyoomba mwenyewe.